Hotuba ya Kuzindua Bustani ya Kuigiza

Kabla sijazingatia itifaki, ambayo nitaizingatia kwa ukamilifu wake na kwa awamu, naomba mkutano huu uniruhusu nianze na mlio. Ni mlio wa kandambili zikikimbia kwenye korido ya ghorofa ya tatu ya jengo letu: pa, pa, pa, pa, kisha kimya kidogo cha kupiga kona, kisha pa, pa, pa tena. Tangu niajiriwe sijawahi kusikia mtu akikimbia katika jengo hili, hata saa ya kwenda nyumbani, na mlio ule umenikaa sikioni kama maji ya kuogea. (Minong'ono.) Nitaueleza kwa wakati wake.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Msaidizi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyeshika mkoba. Ndugu Katibu wa Idara. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, pamoja na waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuandaa Kamati ya Maandalizi. Wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo, na wakuu wa vitengo ambavyo bado havijapata mtu wa kuongozwa. Wadau wetu, yaani mastekiholda, wa ndani, wa nje na wa mlangoni. Wanahabari mlioahidiwa chai. Wazazi na walezi. Watoto mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimekwenda kwa wakubwa. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama yupo aliyesahaulika, basi amesahaulika kwa heshima zote. (Makofi.)

Ratiba mliyonayo mikononi inanitambulisha kuwa ni Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Furaha ya Familia. Neno hilo Kaimu nimelivaa kama koti la kuazima: linanitosha mabegani lakini mikono inanining'inia, na kila nikikutana na watu wa vitengo vingine wanalitazama kwanza koti ndipo wananitazama mimi. Wote humu ndani mnajua, maana Ndugu Katibu alilisema mbele ya watumishi wote, kwamba bustani hii ikizinduliwa leo nitathibitishwa kuwa Mkurugenzi kamili, wa kwanza wa umri huu na wa kwanza kuivaa nafasi hiyo pamoja na gauni. Isipozinduliwa, yuko mwingine anayesubiri, naye yumo humu, amekaa safu ya pili, na tai yake ni nzuri sana. (Kicheko.) Sipendi kujisifu, kwa hiyo nitajisifu kwa ufupi: nina shahada mbili, nimehudhuria wekshopu kumi na nne, na katika wekshopu zote hizo hakuna hata moja niliyosinzia kabla ya mkufunzi. (Makofi.)

Sasa niingie kwenye kiini. Bustani ya Kuigiza ni mradi wa kimkakati, shirikishi, jumuishi na endelevu, ulioibuliwa kwa kufuata fizibiliti, yaani upembuzi yakinifu, ya kina, wenye mfumo wa maingiliano ya pande zote, ambamo familia haiji kukodoa macho kwenye bembea bali inapewa nafasi za kuigiza, inaingia kwenye hadithi kwa miguu yake, inasema, inaulizwa, inajibu, na inatoka ikiwa na kiwango cha mshikamano wa kifamilia kinachopimika. Kwa mujibu wa mchoro, bustani ina lango la chuma lenye simba wawili, jumba la minara mitano, chemchemi inayobadilika rangi, na sehemu ya wazazi waliochoka. Na kwa mujibu wa utafiti wetu, asilimia mia moja ya familia zilizoijaribu bustani hii ziliridhika kupindukia, na hakuna hata familia moja iliyolalamika. Familia zilizoijaribu ni moja. (Makofi ya kusitasita.)

Mchezo wenyewe unaitwa Jumba la Usingizi, na niliuandika mimi kwa mkono wangu wakati wa likizo, wenzangu walipokuwa wakipumzika. Familia inaambiwa kwamba jumba hilo limerogwa: watumishi wake wamelala huku macho yao yako wazi, kila mmoja ana sentensi moja tu anayoirudia, na lango la furaha halifunguki mpaka familia iwaamshe watumishi hao mmoja mmoja na kupata muhuri wa mtawala. Nilijipongeza sana. Nilidhani nimebuni. (Kicheko, kinachoanzia nyuma na kusita kinapofika safu ya mbele.)

Ili kutimiza matakwa ya kitaalamu ilibidi ipatikane familia ya majaribio, nayo ilipatikana kwa kura ya wazi: baba, fundi wa friji, mtu wa maneno machache, mama, mshonaji wa nguo, binti yao wa darasa la nne, na bibi mzaa baba, mkunga aliyestaafu ukunga lakini hajastaafu kushindana. Wakapewa kadi za mchezo zenye nafasi zao. Baba alikuwa Mlinzi wa Siri, mama Mpelelezi, bibi Shujaa, na binti Mjumbe wa Mfalme. Chini ya kadi tuliandika, "Mchezo unaanza mlangoni," na kwa kuwa anwani pekee iliyokuwa imekwisha kupitishwa na kamati ilikuwa ya ofisi zetu, ndiyo tuliyoichapa. Nia yetu ilikuwa wafike ofisini, wasubiri, waelezwe kwamba bustani iko katika hatua za mwisho za hatua za awali, wanywe soda, warudi kwao. Hilo ndilo pengo dogo la mawasiliano ambalo sasa tunaliita mafanikio.

Kwa sababu walipofika, Mheshimiwa, hawakuona ofisi. Waliona jumba.

Mlinzi wetu wa mlangoni, mtumishi hodari ambaye nampongeza kwa namna ya pekee, alikuwa ameweka shavu lake juu ya meza katika mkao wa tafakuri. Mtumishi mwingine yeyote wa umma angeaibika kuonwa hivyo, lakini familia ile ilisimama mbele yake kama watu waliofika mbele ya sanamu ya thamani. Binti akawanong'oneza wenzake kwamba huyo ndiye wa kwanza. Baba akasifu kwamba anaigiza vizuri, ameweka mpaka udenda. Bibi, kwa kuwa ndiye Shujaa, akainama akamwambia mlinzi sikioni kwamba zamu yake imekwisha. Mlinzi akaruka, akapiga saluti, akafungua bawa la pili la mlango ambalo sisi wengine tulikuwa tukidhani ni ukuta, na akawaelekeza ghorofani bila kuwauliza wametumwa na nani. (Makofi. Mlinzi anasimama kupokea makofi, anaketi.)

Ghorofa ya kwanza wakaingia masjala. Mtunza masjala wetu, ambaye wananchi kwa mapenzi yao humwita Bi Kesho, yumo humu ukumbini na naomba msigeuke. (Watu wote wanageuka.) Bi Kesho akawatazama kupitia juu ya miwani, akawaambia faili lao halijafika, waje kesho. Wakashangilia. Wakajitenga pembeni kwa mashauriano, na Bi Kesho, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akawa anawatazama watu wasioondoka na wasiokasirika. Bibi alitaka wamzunguke mara tatu. Binti alidhani neno hilo lazima lisomwe kuanzia nyuma. Ni mama yake, yule mshonaji, aliyekwenda kuegemea kaunta na kusema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenziwe wa kazi:

"Dada yangu, hata mimi wateja nawaambia waje kesho. Maana yake kitambaa sijakigusa. Sogea basi, tukianze wote."

Akazunguka kaunta, akaketi. Bi Kesho akasogea. Alipoinuka kidogo ili asogee, faili likaonekana, maana lilikuwa ndilo alilolikalia, kwa ajili ya mgongo. (Kicheko kirefu. Bi Kesho anacheka pia, baadaye kidogo.) Nasisitiza kwamba halikuwa faili la familia ile tu, yalikuwa mafaili tisa, na yote yalishughulikiwa kabla ya mchana, huku wanawake wale wawili wakisemana kuhusu wateja wanaoleta kitambaa kifupi na kutaka gauni refu.

Ghorofa ya pili palikuwa na kikao. Waheshimiwa wajumbe walikuwa wamefikia ajenda ya kwanza, yaani kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, ambacho nacho kilikuwa kimethibitisha kumbukumbu za kikao kilichokitangulia. Binti akasukuma mlango, akawaamkia wote shikamooni, akangoja waitike marahaba kwa mpangilio wa vyeo, kisha akasoma kwenye kadi yake kwamba yeye ni Mjumbe wa Mfalme, na mfalme anawashukuru kwa kukesha, sasa wanaweza kwenda. Hakuna aliyeuliza mfalme yupi. Walikusanya mikoba yao na kuondoka, na mwenyekiti alimgusa yule mtoto kichwani akamwambia ahsante, mwanangu, kwa sauti ambayo wajumbe wenzake wanasema hawajawahi kuisikia. Ndicho kikao pekee cha mwaka huu kilichofikia uamuzi. (Makofi kutoka kwa wajumbe.)

Ndipo likaja lile la korido. Ghorofa ya tatu ina mlango mmoja tu mwishoni, mlango wa Mkurugenzi, na bibi na mjukuu walipoona mshale wa kuuelekeza walitazamana. Mjukuu alikuwa na viatu vya shule, bibi alikuwa na kandambili, na kwenye kona ya chumba cha fotokopi bibi alimshika mjukuu wake kola ya nguo. Hilo limethibitishwa na mashahidi wawili. Mimi nilikuwa ndani, nimesimama mbele ya kioo cha kabati, nikiifanyia mazoezi hotuba ya uzinduzi huu, na nilikuwa nimefika mahali pa kuinua kidole, ndipo mlango ukafunguka bila kubishwa na mama mtu mzima mwenye kandambili akaingia anahema, akapiga meza yangu kwa kiganja, akasema amefika wa kwanza, niandike.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba haraka haraka, kama mtu anayesogeza kiti kilichomzibia njia, kisha akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akatazama kiti kikubwa, akatazama simu mbili ambazo moja haijaunganishwa.

"Na wewe, mwanangu, wamekupa uwe nani?"

Nikamwambia kwamba mimi ni Kaimu Mkurugenzi.

Akamgeukia mkwewe, ambaye alikuwa ndio kwanza anaingia. "Sikia sauti hiyo. Huyu wamemfundisha hasa."

Nikasema ni kweli, mimi ndiye. Wakacheka zaidi. Baba, yule mtu wa maneno machache, alinipigia makofi kidogo, ya heshima, jinsi mtu anavyompigia mwanafunzi aliyekariri vizuri. (Kicheko. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi anatazama saa.) Mheshimiwa, ningeweza kusema ukweli hapo hapo. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na pumzi, na ninajua lugha tatu. Lakini kadi zao nne zilikuwa tayari juu ya meza, zimepangwa, na wote wanne walikuwa wakiutazama muhuri kama watu wanaotazama sufuria likitaka kuchemka. Nikagonga. Wakakumbatiana. Katika ofisi ile nimegonga muhuri kwenye karatasi nyingi kuliko nywele zangu, na sikuwa nimewahi kuona mtu akimkumbatia mwenziwe kwa ajili hiyo.

Kisha binti akauliza lango liko wapi.

Naomba maji. (Anapewa maji.)

Nikawashusha kwa ngazi za nyuma mpaka eneo la mradi. Wengi wenu mmelisoma eneo hilo kwenye taarifa, ambamo linaelezwa kuwa limekamilika kwa asilimia tisini na mbili, na sasa nitalieleza jinsi linavyoonekana kwa macho: ni kiwanja, kina vigingi pembeni, kina kamba iliyofungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kina kibao chenye picha ya jumba la minara mitano na familia inayocheka, familia ambayo tuliinunua pamoja na picha. Binti akaangaza huku na huku, akafurahi. Akasema lango halionekani, na kwamba bila shaka hatua ya mwisho imefanywa ngumu makusudi. Bibi akasema yeye analiona, ila hawezi kusema, wasije wakamuibia ushindi.

Fundi wa friji aliifuata kamba taratibu mpaka mwisho wake, akakigusa kigingi cha mwisho kwa ncha ya kiatu, akarudi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua friji la mteja na kukuta mota haimo, na mteja mwenyewe yuko nyuma yake ameshika nyama. Akanisogelea.

"Dada, hapa hakuna kitu."

Nikamwambia hakuna.

"Na wakubwa zako wanajua?"

Nikamwambia mchoro upo.

Akaitazama familia yake. Mama alikuwa ameokota kijiti na anampimia binti urefu wa mnara. Bibi alikuwa amefunga khanga kiunoni kwa ajili ya mapambano. Nilisubiri aniumbue, na nakiri kwamba kichwani nilikuwa tayari nimeanza kutunga sentensi ya kujitetea, yenye neno "mchakato" mara mbili. Hakuniumbua.

"Waache wamalize," akasema.

Akaenda kusimama kati ya vigingi viwili, akanyoosha mabega, na mtu yule asiye na maneno akatoa sauti iliyowafanya njiwa wa kwenye paa letu waruke. Akataka kuona tiketi. Binti akapeleka kadi yake yenye muhuri. Baba akaikagua mbele na nyuma, akaipeleka juani, akamfungulia lango zito kwa mikono miwili, huku akilisukuma kwa bega kwa sababu bawaba, alieleza, zina kutu. Mama akapita ameinamisha kichwa. Bibi akakataa kuinama, akisema lango lina urefu wa kutosha na yeye si wa kuinamishwa na chuma. Wakaingia. Na walichokifanya humo ndani mpaka jua likapoa, Mheshimiwa, sina lugha ya kitaalamu ya kukieleza. Kulikuwa na chemchemi, kwa sababu niliona wakiikwepa isiwaloweshe. Kulikuwa na mnara, kwa sababu bibi alikataa kuupanda akisingizia magoti, kisha akaupanda. Mama na baba waliketi kwa muda mrefu katika sehemu ya wazazi waliochoka, na mama akalaza kichwa chake begani kwa mumewe, jambo ambalo halikuwa kwenye kadi ya mtu yeyote.

Nami nikataka kuingia. Nilivua viatu vya visigino, nikaenda pale kati ya vigingi. Fundi akainuka akaja kunisimamisha.

"Tiketi yako, dada?"

Nikasema sina. Nikasema mimi ndiye niliyeuandika mchezo.

"Bila tiketi huingii. Hapa hatujuani."

Alikuwa anatabasamu, hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anacheza tu na kuicheza vizuri nafasi yake. Lakini nilisimama nje ya kamba ambayo hata kuku anaivuka, viatu mkononi, na nikaona wazi kwamba kati ya watu waliokuwa kwenye kiwanja kile, ni mimi peke yangu niliyekuwa naigiza. (Mtu anakohoa.)

Walipokuwa wanaondoka mama alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Akaniambia siku ya ufunguzi watakuja na majirani. Binti akasema amekwisha kuliambia darasa zima, na mwalimu ameomba nafasi ya watoto wote. Baba aliinua mkono wa kwaheri bila kunitazama sana, kama mtu aliyemkopesha mwenziwe heshima na hataki kumharakisha kuirudisha.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, nakaribia mwisho, na kama ratiba inavyoelekeza, ni wakati wa kaulimbiu. Nikisema "Bustani," nyinyi mnaitikia "Ipo." Nikisema "Furaha," mnaitikia "Kwa wote." Tujaribu. Bustani! (Ipo!) Safu ya mbele sijawasikia. Bustani! (Ipo!) Furaha! (Kwa wote!) Watoto peke yao: Bustani! (Ipo!)

Asanteni. Haipo.

(Wachache wanaitikia "Kwa wote.")

Asanteni kwa kuja kuzindua lango ambalo chuma chake hakijanunuliwa. Namshukuru mkandarasi, ambaye hajawahi kutafutwa. Naishukuru kamati iliyokagua minara kutoka kwenye dirisha la upande wa mbele, wakati kiwanja kiko nyuma. Nawashukuru wataalamu waliofikia ile asilimia tisini na mbili, nami nilikuwa mmoja wao. Tulianza na mia, tukapunguza ili iaminike. Hakuna bustani, haijawahi kuwepo, na iliyochezwa siku ile waliileta wenyewe kutoka nyumbani kwao na wakaondoka nayo.

Jana jioni nilikwenda kwa fundi wa friji nikawaeleza wote wanne, nimeketi kwenye kigoda, katikati ya nguo zinazosubiri vifungo. Binti alilia kidogo, kisha akasema darasa lake ataliambia mwenyewe, nisimsaidie. Bibi aliniuliza kama ushindi wake bado unahesabiwa. Nikamwambia unahesabiwa.

Na leo asubuhi, viti hivi vikiwa bado vinapangwa, nilimweleza Ndugu Katibu kwamba sitazindua. Alinikumbusha kwa upole ni nani anayesubiri. Nikamwambia namjua, na kwamba tai yake inafaa. Akasema ratiba imekwisha kuchapishwa, kwa hiyo hotuba lazima isomwe, nami nimeisoma. Mkasi wa uzinduzi mtaukuta kwenye sahani pale mezani, lakini msisumbuke nao: kamba nimekwisha kuikata, vigingi nimeving'oa, na ofisi nimeikabidhi.